Kwenda kazini kwa baiskeli msimu wa kusi, Dar es Salaam

Kuanzia Juni hadi Agosti, safari ya baiskeli jijini Dar es Salaam huwa na nusu mbili zisizolingana. Asubuhi mtu anatoka Mbagala hadi Posta bila taabu. Jioni, kwa barabara ileile, anafika nyumbani miguu imekwisha, anampelekea fundi baiskeli akidhani gololi zimekufa. Mara nyingi gololi ni nzima. Ni kusi hiyo, upepo wa msimu utokao kusini, ambao huanza kujitokeza Aprili, hukaza katikati ya mwaka na kulegea kuelekea Oktoba, na ndani yake kuna kipupwe chenye alfajiri za nyuzi 18 hadi 20.

Mtu wa Makete atacheka akisikia nyuzi 18 zinaitwa baridi. Ila Makete hawaendi kazini wakiwa wamelowa jasho kisha wakasimama pantoni kwenye upepo wa bahari. Baridi ya Dar inaletwa na maji mwilini na upepo juu yake. Ukizuia kimoja kati ya hivyo viwili, hakuna baridi ya kuzungumzia.

Maelezo haya ni kwa mtu wa kilomita 5 hadi 20 kwa safari moja, mwenye baiskeli ya kawaida: Phoenix ya rimu za chuma, au ya mtumba yenye gia.

Hatua ya 1: Jua upepo utakupiga upande gani

Alfajiri upepo huwa mdogo na mara nyingi hutoka upande wa nchi kavu, kusini au kusini-magharibi. Jua likishapasha ardhi, hewa ya baharini huvutwa kuja nchi kavu na kujiunga na kusi. Kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka kusini-mashariki au mashariki, na huwa mkali zaidi kati ya saa 8 mchana na saa 11 jioni. Jua likishazama hupungua.

Kwa hiyo anayekaa kusini mwa jiji (Mbagala, Kongowe, Chamazi) anarudi nyumbani akiukabili, saa ambayo una nguvu na yeye amechoka. Anayekaa Tegeta, Bunju au Kawe ana bahati: asubuhi anaelekea mjini upepo ukiwa bado dhaifu, jioni unamsukuma mgongoni. Anayevuka kwenda Kigamboni kwa daraja la Kurasini anaukabili karibu uso kwa uso, tena juu ya maji pasipo kizuizi chochote.

Barabara ya Nyerere inahitaji uangalifu wa peke yake. Inakwenda kusini-magharibi kutoka mjini hadi uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, kwa hiyo kusi ya jioni inakupiga ubavu wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto. Upepo wa kushoto unakusukuma kulia, yaani ndani ya njia ya magari. Asubuhi ukielekea mjini ubavu unaopigwa ni wa kulia, na unasukumwa kwenye mtaro. Barabara ya Morogoro jioni, kuelekea Ubungo na Kimara, upepo unatokea nyuma kwa kushoto: unakusaidia kwenda, lakini nao unakusogeza kulia kidogo kidogo. Chora njia yako kwenye karatasi, weka mshale wa upepo kutoka kusini-mashariki, kisha kwa kila kipande andika: mbele, nyuma, kushoto au kulia. Mambo mengi yanayofuata hapa yanategemea karatasi hiyo.

Kasi ya upepo utaipata kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao kwa maeneo ya pwani hutaja mwelekeo na kasi kwa kilomita kwa saa. Programu nyingine za simu huandika mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6. Kumbuka kwamba kasi ya utabiri hupimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Katikati ya nyumba za Sinza au Temeke, kwenye kimo cha usukani, huweza kupungua hadi nusu. Juu ya daraja haipungui hivyo.

Kama huna utabiri, tazama nje:

- Vumbi na karatasi zinaruka, matawi madogo yanatikisika: kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Unaweza kwenda, ongeza muda.
- Miti midogo inayumba mizima: 29 hadi 38. Badili njia, punguza mzigo, epuka madaraja marefu ukiweza.
- Matawi makubwa yanayumba, nyaya za umeme zinapiga mluzi, mwamvuli haushikiki: 39 na kuendelea. Iache baiskeli nyumbani.

Hatua ya 2: Hesabu muda upya

Nguvu ya hewa inayokuzuia hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga, na kasi hiyo ni mwendo wako ukijumlishwa na upepo wa mbele. Ukienda kilomita 15 kwa saa hewa ikiwa imetulia, kisha ukataka mwendo huohuo dhidi ya upepo wa kilomita 20, hewa inayokupiga imetoka 15 hadi 35, na kani yake imezidi mara tano. Hakuna mguu wa kulipa deni hilo kila jioni.

Kwa mtu mzima aliyekaa wima, anayetumia nguvu ileile anayotumia kwenda kilomita 15 kwa saa siku tulivu, makadirio ni haya: upepo wa mbele wa kilomita 15 unamshusha hadi karibu 9 kwa saa; wa kilomita 20 unamshusha hadi kati ya 7 na 8. Upepo wa nyuma wa kilomita 15 unampandisha hadi kama 23. Angalia ujanja wake: kilomita 10 za kwenda na 10 za kurudi zinachukua dakika 80 siku tulivu, lakini upepo huo ukikuzuia upande mmoja na kukusaidia wa pili, jumla ni kama dakika 90. Unachopewa mgongoni hakifidii ulichonyang'anywa usoni.

Kipande chenye upepo wa mbele, zidisha muda wako wa kawaida kwa 1.5. Kama kina daraja au ufukwe, zidisha kwa 2. Kwa anayeweza kuomba zamu, kuanza kazi saa 1 asubuhi na kutoka saa 7 mchana kunapunguza sehemu ya upepo mkali. Kutoka saa 12 jioni pia kunasaidia, ila utaingia giza. Mwezi Julai jua huchomoza kama saa 12:40 asubuhi na kuzama kama saa 12:20 jioni.

Hatua ya 3: Chagua njia yenye kuta

Njia fupi ya wazi mara nyingi hushindwa na njia ndefu kidogo iliyozibwa na nyumba. Kutoka Masaki kuelekea mjini, acha Toure Drive inayokaa kando ya bahari. Pita Barabara ya Haile Selassie, ndani zaidi. Kutoka Kawe au Mikocheni, Barabara ya Mwai Kibaki ina miti na kuta nyingi kuliko barabara za ufukweni. Ukifika upande wa Hospitali ya Aga Khan, pita Upanga badala ya Barack Obama Drive, ambako mbali na upepo kuna mchanga unaohamia kwenye lami.

Daraja la Tanzanite lina zaidi ya kilomita moja juu ya maji. Upepo ukiwa mkali, Selander iliyo karibu nalo haina raha kwa msongamano wake, lakini ni fupi na imekingwa zaidi. Hapa ni suala la kuchagua adha unayoimudu.

Katikati ya mji, jihadhari na mianya kati ya maghorofa. Mtaa unaoelekea bahari hufanya kazi ya bomba: unapita nyuma ya jengo pametulia, kisha kwenye njia panda upepo unatoka kwa mkupuo. Punguza mwendo kabla ya kona ya jengo refu, usisubiri upigwe.

Njia ya mwendokasi si kimbilio. Imenyooka na inavutia, lakini basi la mita 18 likikupita kwenye njia hiyo hakuna pa kukwepea, na sheria hairuhusu uwemo.

Hatua ya 4: Tayarisha baiskeli

Anza na shingo ya usukani. Bana breki ya mbele, sukuma na vuta baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma, gololi za shingo zimelegea, na usukani uliolegea kwenye upepo wa ubavuni hutetemeka hadi mikono ishindwe. Shika kila gurudumu juu na ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, kaza koni za ekseli. Kazi zote mbili fundi wa mtaani anazimaliza upesi.

Breki: wenzo usifike kwenye usukani unapobana, na raba zibaki na unene usiopungua milimita 3. Mwenye rimu za chuma ajue kwamba zikilowa, raba huteleza juu yake kwa mizunguko kadhaa kabla ya kushika. Rimu za alumini hushika mapema zaidi.

Upepo wa tairi: kwa mtu wa kilo 70 hadi 80, tairi ya inchi 26 yenye upana wa 1.75 hadi 2.0 ijazwe PSI 40 mbele na 50 nyuma. Tairi nyembamba za 700 zenye upana wa milimita 32 zijazwe 65 hadi 75. Tairi laini hukuongezea mzigo usiouona, na siku ya kusi huna nguvu za kutupa. Anayepita mchanga wa Kigamboni ndani ndani ashushe hadi 30 au 35 kwa kipande hicho, ajaze akifika lami. Beba pampu, ile ya duka la matairi imewekwa kwa ajili ya magari na hupasua tyubu ya baiskeli kabla hujasema basi.

Gia. Mwenye gia nyingi hana shida. Mwenye gia moja anaweza kumwambia fundi abadilishe friwili, ile gia ya meno iliyo kwenye gurudumu la nyuma. Nyingi huja na meno 18. Ya meno 22 hupunguza kani ya kukanyaga kwa karibu asilimia 18, nawe unapoteza mwendo kiasi hichohicho siku tulivu. Mnyororo utahitaji kuongezwa pingili 2, au gurudumu lisogezwe mbele kama nafasi ipo. Ukimaliza, mnyororo ucheze sentimita 1 hadi 1.5 katikati, juu na chini. Ukikazwa sana unakula gololi. Ukilegea unaruka wakati wa kukanyaga kwa nguvu, na hapo ndipo watu huangukia goti.

Kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limepinda kidogo. Usukani ushushwe sentimita 2 kuliko kawaida yako. Sentimita 2 zinatosha kuinamisha kifua. Zaidi ya hapo shingo italalamika.

Mzigo uwe chini na nyuma. Kikapu cha mbele kikijaa hugeuka tanga lililofungwa kwenye usukani. Sanduku pana juu ya keria nalo hukamata upepo wa ubavuni, ila angalau halivuti gurudumu la mbele. Bora mifuko miwili inayoning'inia pande za keria, yenye uzito unaolingana. Mfuko wa plastiki wa kubebea umepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo haukuwa unafaa. Kiroba cha unga kilichokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya zamani hukinga nguo vizuri.

Taa: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, zote mbili ziwake hata alfajiri yenye mwanga hafifu. Kizibao cha riflekta kama cha bodaboda kivaliwe juu ya koti, na kifungwe. Kikiachwa wazi kinapepea, kinakuvuta nyuma, na dereva anaona kitu kinachezacheza badala ya mtu.

Hatua ya 5: Vaa kwa ajili ya dakika ya kumi

Kanuni ni moja: ukiwa na joto mlangoni, umevaa kupita kiasi. Toka ukihisi ubaridi kidogo. Baada ya dakika 10 za kukanyaga mwili utakuwa umeshika moto.

Chini vaa jezi ya mpira wa miguu, si fulana nzito ya pamba. Pamba hunyonya jasho na kukaa nalo. Jezi hukauka mwilini. Juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, lisilo na bitana, lenye zipu hadi shingoni. Mitumba ya Karume ina makoti haya tele. Lijaribu kabla ya kununua: weka kitambaa mdomoni na upulize. Hewa ikipita kwa urahisi, hilo ni la urembo. Kama huna koti, kunja gazeti mara mbili na uliweke kifuani chini ya jezi. Linazuia upepo vizuri ajabu, na ukipata joto unalitoa.

Madereva wa bodaboda huvaa jaketi kinyumenyume, mgongo mbele. Kwa baiskeli hilo nalo lina mantiki: kifua kinakingwa, mgongo unapumua. Sharti ni kwamba kola isibane koo na pindo lisipepee. Shingoni funga leso. Glovu si lazima kwa nyuzi 19, ila mwenye vidole vinavyokufa ganzi atazihitaji, kwa sababu vidole vizito vinachelewa kubana breki.

Miwani ni lazima, na kwa alfajiri iwe ya kioo cheupe. Zile za mafundi wa kuchomelea zisizo na giza, zinazouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, zinatosha. Kusi ni kavu kuliko masika na huinua mchanga. Chembe moja jichoni wakati unashika usukani kwa mikono miwili ni ajali iliyokamilika.

Suruali ibanwe kifundoni upande wa mnyororo kwa kipande cha tyubu. Anayevaa baibui, gauni au kanga asitegemee kukunja tu: upepo wa ubavuni hulisukuma pindo moja kwa moja kwenye spoki za nyuma. Funga wavu wa kamba kutoka ekseli hadi kwenye madigadi, pande zote mbili, au vaa suruali ya michezo na ubebe baibui mfukoni mwa keria. Ushungi ubanwe kwa pini mbili, moja chini ya kidevu na moja begani. Wa kupeperuka hufunika uso wakati usiofaa.

Jioni, nyuzi 26 au 27, koti likae kwenye mfuko hadi utakaposimama.

Hatua ya 6: Barabarani

Upepo wa mbele haushindwi kwa hasira. Shuka gia moja au mbili kabla hujachoka, ukanyage kwa wepesi: mizunguko 70 hadi 85 kwa dakika. Kupima, hesabu mguu wa kulia kwa nusu dakika. Upate 35 hadi 42. Kunja viwiko, shusha kifua, bana magoti karibu na fremu. Sahau kipima mwendo, sikiliza pumzi zako: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika, umezidisha. Mkiwa wawili, wa nyuma akae mita moja hivi kutoka tairi ya mwenzake na mbadilishane kila kilomita. Kujificha nyuma ya lori au bajaji kusifanyike. Akifunga breki, wewe hujaona shimo wala taa.

Upepo wa ubavuni ndio unaoangusha watu. Ukipigwa kutoka kulia, mwili wenyewe huegemea kulia kuukabili, bila wewe kuamua. Daladala au lori la kontena likikupita upande huo, linakukatia upepo ghafla. Ule mwegemeo unakosa kinachouzuia, na baiskeli inachepuka kulia, kuelekea ubavu wa lori. Mkia wa lori ukishapita, upepo unarudi kwa mkupuo na kukutupa kushoto. Watu husema lori limewavuta. Kuvuta kupo kidogo, ila sehemu kubwa ni huko kukatika na kurudi kwa upepo. Barabara ya Mandela, yenye malori ya bandarini mchana kutwa, ina hali hii kila dakika chache.

Fanya hivi:

1. Kaa mita moja kutoka ukingo wa lami, si sentimita 20. Ukisukumwa kushoto uwe na pa kwenda kabla ya mtaro.
2. Ukisikia lori nyuma, legeza viwiko, mikono yote miwili kwenye usukani, vidole viwili kwenye kila breki. Mkono uliokakamaa hupeleka kila msukumo moja kwa moja kwenye gurudumu.
3. Endelea kukanyaga kwa wepesi. Ukiacha kukanyaga baiskeli inapoteza uthabiti.
4. Tazama mbele mita 20, usilitazame lori. Baiskeli huenda macho yanakoelekea.
5. Likishapita, subiri mkupuo wa kurudi kabla ya kunyoosha mwili.

Upepo ukitoka kushoto, kama Nyerere jioni, lori halikukingi. Linakukuta tayari unasogea kulia. Hapo punguza mwendo, sogea kushoto kidogo zaidi, na kama ukingo una njia ya waenda kwa miguu iliyo tupu, shuka uikokote hadi msururu upite. Unapotaka kumpita mwenzako au mkokoteni, geuka na utazame nyuma kwanza, kwa kuwa upepo wa mbele kwa kushoto hufunika mlio wa magari.

Upepo wa mgongoni nao una hila. Husikii mvumo masikioni, hivyo hujui kwamba unakwenda 25 au 30. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki unakuwa mara nne. Jasho pia huzidi kwa kuwa hewa haikupozi. Fungua zipu, kunywa maji. Nusu lita kwa saa, hata kama kipupwe hakikupi kiu.

Darajani, ukiona baiskeli inahama zaidi ya nusu mita kila mkupuo, shuka. Ikokote ikiwa upande unaotoka upepo, wewe upande wa pili. Ikisukumwa itakuegemea badala ya kukuponyoka.

Mvua za mchoo, zile fupi za kipupwe, zina hatari kubwa dakika za mwanzo: mafuta ya magari yaliyolala kwenye lami yanaelea kabla ya kuoshwa. Usiinamishe baiskeli kwenye kona, vuka reli na mistari ya rangi ukiwa wima na kwa pembe mraba, na gusa breki kwa wepesi mita 30 kabla ya unapotaka kusimama ili raba zifute maji kwenye rimu. Dimbwi usilolijua kina chake lipite kando. Dar mifuniko ya mitaro huwa haipo ilipotakiwa kuwa.

Usisimame chini ya minazi, miembe mizee au bango la matangazo kusubiri upepo upungue. Kibaraza cha duka ni bora.

Hatua ya 7: Ukisimama, jifunike

Hapa ndipo watu hushikwa na ile baridi wanayodai imeletwa na alfajiri. Mwili uliolowa ukisimama kwenye upepo hupoa upesi kuliko ulivyokuwa ukienda, kwa sababu misuli imeacha kuzalisha joto. Foleni ya pantoni Magogoni ni mfano kamili: unafika na jasho, unasubiri, kisha unavuka ukiwa umesimama upepo wa bahari ukikupiga. Vaa koti na funga zipu kabla ya kuingia foleni, si baada ya kuanza kutetemeka. Ndani ya pantoni shuka, simama upande wenye magari makubwa yanayokinga upepo, na bana breki ya mbele wakati wote.

Ukifika kazini usikimbilie kuvaa shati. Kaa dakika 10 ndani, pasipo upepo, hadi jasho likome. Jifute kwa kitaulo kilicholowa, kausha, ndipo uvae. Ukivaa mapema, shati la ofisini litalowa mgongoni na utakaa nalo chini ya kiyoyozi hadi saa 4. Jezi itundike penye hewa, isikunjwe mfukoni, maana jioni utaihitaji kavu.

Hatua ya 8: Toa chumvi

Kusi hubeba unyunyu wa bahari hadi ndani. Anayepita ufukweni au kuvuka Kigamboni kila siku ataona kutu ya rangi ya chungwa kwenye pingili za mnyororo ndani ya siku chache. Mara mbili kwa wiki mwagia baiskeli maji baridi, taratibu, bila kuelekeza mkondo kwenye ekseli na shingo. Maji yawe ya bomba. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi ya bure. Onja kwa ncha ya ulimi kama huna hakika.

Kausha kwa kitambaa, kisha tia mafuta tone moja kwa kila pingili huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Mafuta ya cherehani yanafaa siku kavu lakini huoshwa na mvua ya kwanza. Mafuta mapya ya injini hudumu zaidi. Oili chafu ya gereji ina chembe za chuma na hukamata mchanga, na mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. Zungusha pedali mara 20, subiri dakika 10, kisha futa mnyororo kwa nje hadi kitambaa kisitoke na weusi mwingi: mafuta yanatakiwa ndani ya pingili, na yaliyobaki nje yanavuta mchanga tu. Nyaya za breki zipate matone mawili mahali zinapoingia kwenye mabomba yake. Grisi ya ekseli na shingo ibadilishwe Septemba au Oktoba, kabla ya vuli.